Maswali ya Wasomaji: Bunduki za Zamani, Msizikate

SWALI: Salaam aleikum. Tulikuwa tukibomoa dari ya nyumba ya babu yetu hapa Langoni, Lamu, tukakuta bunduki mbili zimefungwa gunia. Moja ni gobore, ndefu, kutu tupu. Ya pili ina leva chini ya tiriga na ubavuni ina taji na herufi V.R. Ndugu yangu ataka tuzipige msasa na vanishi, na hii ya leva apunguze mtutu ipate wepesi, kuna mtalii ashasema atanunua. Yafaa?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Haifai, na nakuomba kabla hujamaliza kusoma mwambie nduguyo aweke msasa chini.

Kwanza hilo gobore. Bunduki za kushindilia baruti mdomoni mara nyingi ziliwekwa dukani au darini zikiwa na baruti na risasi ndani, mwenyewe akafa na habari ikafa naye, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haiharibiki upesi, yaweza kulala miaka mia na bado ikashika moto. Kwa hivyo msiligonge, msilipashe moto kutoa kutu, msichomeke chochote mdomoni, na mdomo wenyewe usielekee mtu.

Hii ya leva, kwa ulivyoielezea, yaonekana ni Martini-Henry. Ni bunduki ya jeshi la Uingereza ilopokewa mwaka 1871, yapiga risasi moja moja, ukishusha leva kitasa chafunguka unatia risasi, ukipandisha imefunga. V.R. ni Victoria, malkia wao. Tazameni chini ya taji, kwa kawaida pana jina la kiwanda na mwaka, halafu tafuteni kialama cha mshale mpana, hiyo ni mali ya serikali yao, na mkiona mishale miwili imeelekeana ncha kwa ncha basi jeshi liliiuza, yaani ilitoka kwa halali. Sasa mambo kama haya ndiyo historia yenyewe na ndugu yako ataka kuyafuta kwa msasa wa shilingi hamsini!

Na si historia ya mbali. Mwaka 1890 mataifa yalikaa Brussels yakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, zilizoachiwa ni za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche ya jiwe, na baruti ya kawaida, na mwaka huo huo wa 1890 manuwari za Waingereza zikaja pwani yetu hii na wanajeshi wakapanda mpaka Witu kumpiga Sultani Fumo Bakari. Sisemi yenu ilikuwako huko, siwezi kuijua ilipopita, nasema kila bunduki ya wakati ule ilopatikana Lamu ni shahidi na shahidi hakatwi ulimi.

Sasa sheria. Sheria ya silaha Kenya, sura ya 114, yasema huwezi kuwa na bunduki bila cheti, na usitegemee kwamba uzee wake utakutetea. Msiibebe barabarani wala kwenye mashua, iacheni ilipo, mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi aeleze kwa ustaarabu waje wao. Siku hiyo hiyo pitieni Makumbusho ya Lamu pale ufukweni, kwa sababu sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na kitu cha kale hakitolewi nchini bila kibali. Huyo mtalii mwambieni hapana. Msimwonyeshe hata picha.

SWALI: Shemeji yangu yuko Kanada, amenunua bunduki ya jeshi, .303 ya vita vya pili vya dunia, nzima kabisa na mbao zake zote. Ataka kuikata iwe ya kuwinda, aniambia ndivyo watu wafanyavyo tangu zamani. Mimi naona ni hasara. Nani ana haki? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Dada (au kaka, hukusema), haki ni yako, lakini shemeji naye hakusema uongo. Baada ya vita hivyo majeshi yalikuwa na bunduki nyingi kupita haja, zikauzwa bei ya bure, Lee-Enfield (ndiyo hiyo .303 ya Waingereza), Mauser, Springfield, na mkulima aliyetaka nyama hakuwa na pesa ya bunduki mpya ya kuwinda, basi akinunua ya jeshi akitoa zile mbao za mbele, akifupisha mtutu, akitoboa matundu ya kufungia darubini, na kwa Mauser akipinda mkono wa bolti, kile chuma cha kuvutwa kufungua na kufunga bunduki, maana ulikuwa ukigonga darubini. Viwanda kama Parker-Hale vilifanya kazi hiyo kwa ustadi. Wakati ule ilikuwa na maana.

Leo mambo yamegeuka. Zilizokatwa ni tele, nzima zinazidi kuadimika, na anayekusanya hulipa zaidi ile ambayo namba zake za mwili na bolti zinalingana. Aisome kwanza: ikiwa imeandikwa Long Branch, hicho ni kiwanda cha huko huko Kanada, ikiwa imeandikwa U.S. PROPERTY ni ya kiwanda cha Savage cha Marekani. Mbao zilizotolewa waweza kutafuta nyingine, lakini chuma kikishatobolewa na mtutu ukishakatwa umekatwa. Mwambie anunue iliyokwisha kukatwa na mtu mwingine, hizo hazikosekani, aitengeneze hiyo apendavyo. Na .303 haihitaji kubadilishwa ili iwe na faida, Canadian Rangers, askari wa akiba wa Kanada, waliitumia kule kwenye barafu kuanzia 1947 mpaka juzi juzi hapa.

Yake aifute mafuta mepesi, mbao azipake mafuta ya kitani kidogo, asiiweke kwenye mfuko wa ngozi maana ngozi hushika unyevu.

SWALI: Na huku kwetu, mtu mwenye leseni aweza kuikata ya jeshi awindie swara?

JIBU: Hapana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.