Mwanangu, kuhusu ile hosteli ya Istanbul

Mwanangu, salaam aleikum.

Jana ulivyopiga dukani kulikuwa na wateja wa sare za harusi nikakujibu juu juu tu, ila swali lako limekaa kichwani mpaka nimeshindwa kulala. Umeniuliza "Mama, 2014 ulilalaje chumba kimoja na watu usiowajua hata lugha zao, na mimi likizo hii nikitoka Doha nikaenda Istanbul siku nne na begi la mgongoni nikalala hosteli, utaniruhusu?" Umeshakuwa mtu mzima unafanya kazi yako, ruhusa ni heshima tu umenipa na nimeipokea, nashukuru. Jibu langu ni nenda. Sasa ntakueleza kwanini.

Kabla ya ile safari nilikuwa nimeshaenda Istanbul mara tano, tano mwanangu, na nikiulizwa mji ukoje sina cha kusema. Sisi watu wa Kariakoo tukishuka uwanja wa ndege tunaenda Laleli, tunalala wanne wanne kwenye vihoteli vya hukohuko, asubuhi tunazunguka maduka ya jumla, jioni tunafunga mashangazi kaja, siku ya tatu ya nne tunageuza. Nilikuwa naona minara kwa mbali nasema inshallah siku moja. Na kutoka Laleli mpaka Sultanahmet, mji wa kale penye ile minara, ni vituo vitatu vya tramu. Vitatu! Inaniuma mpaka leo.

Bas 2014 ndo wakala wa kago, simtaji, akachukua hela yetu mzigo hauondoki, wenzangu wakarudi mimi nikabaki kumfuatilia. Unakumbuka bibi yako alivyokuwa anakulilia kwenye simu kwamba mama yako kapotelea Uturuki? Sikupotea, hela ya hoteli ndo ilikuwa imeisha, dada mmoja Msomali muuza viatu akaniambia kule Sultanahmet kuna hosteli za vijana bei chini, akanipeleka mpaka mlangoni, Mungu amlipe.

Niliogopa, sikufichi. Chumba cha wanawake watupu, vitanda dabodeka vitatu, nimepewa cha juu, na umri wangu ule. Lakini nilivyokaa pale nikaona mbona hili ni bweni! Kama nilivyosoma mimi, kila mtu na kabati lake na kufuli lake, kandambili za bafuni, foleni ya asubuhi, taa zinazimwa kuna mmoja bado anapekua rambo lake kwarakwara. Chini yangu alilala binti wa Kibrazili, umri kama wako sa hivi, Kiingereza chetu wote cha kuokoteza, yeye ndo akanifundisha pasipoti na hela kubwa unalala navyo kwenye kamfuko ka shingoni ndani ya nguo, vinavyobaki unafungia. Usiku wa kwanza sikufumba jicho kwa mtu anayekoroma, wa pili akanipa pamba za masikio. Kwahiyo wewe ukibuku angalia waandike ni chumba cha wanawake tu, soma waliolala pale wanasemaje kuhusu usafi na makabati, na kufuli uende nalo lako.

Na usibebe sanduku la magurudumu, barabara za pale ndani ni mawe na milima, linakufa siku moja.

Sasa faida ya kulala pale katikati ni alfajiri. Misikiti inapokezana adhana, huyu akimaliza mstari yule anaitikia, unatoka nje watalii wamelala, wapo paka na wauza simit tu, ile mikate ya duara yenye ufuta. Nikawa naswali Sultan Ahmed, ule wenye minara 6, uliomalizwa 1616, halafu natembea pale kwenye uwanja wa wazi wa pembeni yake. Kuna jiwe refu limechongwa maandishi ya Misri ya mafirauni, mfalme wa Kirumi Theodosius alilisimamisha pale mwaka 390, na hata yeye alilikuta la kale. Nilisimama pale chini yake nikawaza mimi nimekuja mara tano kununua magauni.

Ayasofya nayo wakati ule ilikuwa makumbusho, unakata tiketi. Ilijengwa kanisa likamalizwa 537, likakaa kanisa zaidi ya miaka 900, 1453 Sultan Mehmed alipouteka mji ikawa msikiti, baadae ndo makumbusho. Nilivyoingia nikaona juu kule Bikira Maria na mwanawe kwa vijiwe vya dhahabu na pembeni jina la Allah na la Mtume kwa maandishi makubwa kupita nyumba yetu, vyote macho yanaviona kwa pamoja. Nililia. Tangu 2020 ni msikiti tena, watalii wanalipa euro 25 kupanda juu ghorofani, wewe vaa vizuri uende mlango wa wanaoswali.

Chakula usiwaze. Kifungua kinywa cha hosteli tulikula juu ya paa unaona bahari, mkate, zeituni, jibini, nyanya, tango, yai, chai ya rangi kwenye vigilasi vidogo. Mchana panda mpaka Süleymaniye, msikiti alioujenga fundi Sinan ukamalizika 1557, mbele yake kuna safu ya migahawa inapika maharage na wali tu. Maharage mwanangu! Siku ya nne niko ugenini nikala nikahisi nipo kwa bibi yako. Ukishiba zunguka nyuma ya msikiti kwenye bustani, mji wote upo chini yako na maji yanapita katikati.

Na upande feri pale Eminönü uende Üsküdar, nauli unagonga kadi ileile ya tramu, ni kama pantoni la Kigamboni tu ila umetoka Ulaya umefika Asia na chai hujamaliza.

Kuhusu salama, kutembea mchana hakuna shida. Ila mtu akidondosha brashi ya viatu mbele yako usiiokote, atakung'arishia kwa kukushukuru halafu anadai hela, yule Mbrazili yalimkuta. Na mwanaume anayekukaribisha tu ghafla mkanywe kitu mahali, hasa kule Taksim, sema asante endelea na safari, bili za huko watu wamelia. Kila usiku nitumie hata "nimefika" moja, siombi zaidi. Soko kubwa lile lililofunikwa Jumapili halifunguliwi, na jumba la masultani la Topkapı Jumanne, kwahiyo panga siku zako vizuri.

Kuna sehemu moja tu sikuingia. Inaitwa Yerebatan, ni tangi la maji chini ya ardhi la enzi za mfalme Justinian, Mbrazili alirudi ananihadithia kitandani nguzo 336 zimesimama ndani ya maji gizani, mbili zimekalishwa juu ya vichwa vya mwanamke wa mawe, kimoja kimepinduliwa juu chini. Nilisimama mlangoni nikahesabu hela, ilikuwa ya tiketi au ya kula mpaka Ijumaa. Nikaondoka.

Nimetuma laki mbili kwenye akaunti yako, usinirudishie. Hiyo ni ya tiketi ya Yerebatan na maharage, na ukifika chini kule unipigie video, hata kama dukani nina wateja ntapokea.

Mama yako