Mgeni Dortmund, anzia kiwanja cha mtaani

Muhula wa baridi ukianza mwezi Oktoba, wanafunzi wetu wapya wanaofika Dortmund huuliza tiketi ya mechi ya Borussia Dortmund, klabu ya soka ya mji huu, inapatikana wapi kabla hawajauliza maktaba iko wapi. Nawaelewa. Ila kwa wiki za mwanzo mtaisubiri. Uwanja wa Borussia unachukua watu 81,365 kwenye mechi za ligi na bado unajaa, kwa sababu sehemu kubwa ya nafasi ni ya wenye tiketi za msimu, na zinazobaki wanachama huzigombania. Yule bwana anayenong'ona "tiketi, tiketi" nje ya stesheni mpite kama humwoni. Klabu ina soko lake rasmi mtandaoni ambako mtu aliyepata dharura huuza nafasi yake. Chungulia huko mara kwa mara, hasa kwa mechi na timu ndogo, iko siku utabahatika.

Wakati unasubiri, kuna jambo ambalo kwangu mimi lina faida kuliko Bundesliga yenyewe, ligi kuu ya Ujerumani. Jumapili, nenda kiwanja cha mtaa unaoishi.

Jumapili ya Ujerumani haina huruma kwa mgeni. Maduka yamefungwa, hosteli kimya, wenzako wa Kijerumani wamekwenda kwa wazazi wao tangu Ijumaa. Hiyo ndiyo siku watu hulia na simu. Lakini saa tisa alasiri, karibu kila kitongoji cha Ruhr, eneo la miji iliyo jirani na Dortmund, kina mechi ya Kreisliga, yaani ligi za chini kabisa, ambako beki wa kulia ni fundi umeme na kipa anafundisha shule ya msingi. Mara nyingi kikosi cha pili hutangulia saa saba, kwa hiyo ukiwahi unapata mechi mbili. Kiingilio ni yuro chache, na wakati mwingine langoni hakuna mtu.

Usiende kukaa peke yako upande wa mbali. Nenda karibu na jengo la klabu, palipo na moshi wa soseji, halafu egemea lile bomba la chuma linalozunguka uwanja kama wanavyoegemea wazee. Nunua soseji ndani ya mkate, paka haradali, kaa hapo. (Asiyekula nguruwe aulize kwanza; kwa kawaida soseji ile ni ya nguruwe. Keki na kahawa hazikosekani.) Dakika kumi hazipiti mtu hajakusemesha, na atakusemesha kuhusu refa. Mjerumani yule yule ambaye kwenye treni anaangalia dirisha kutoka Bochum mpaka Dortmund, hapa atakueleza kwa mikono kwa nini ile haikuwa ofsaidi. Kijerumani chako kibovu hakitamsumbua, maana naye ana hasira na anahitaji msikilizaji.

Mkizoeana, mpe habari za nyumbani. Wajerumani wana kanuni kwamba wanachama wa klabu wabaki na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa klabu chache zilizoruhusiwa, na wanaitetea kwa nguvu zote. Mwambie kwamba Tanzania nasi tumebishana miaka kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji pale Simba na Yanga. Utamwona anavyogeuka kukutazama. Mazungumzo ya namna hiyo hayafundishwi kwenye kozi ya lugha.

Kama unacheza, uliza mazoezi ni lini. Mara nyingi ni jioni za katikati ya wiki, na klabu hizi huwa na upungufu wa wachezaji. Jambo moja useme mapema: kama uliwahi kusajiliwa nyumbani, hata timu ya ridhaa, klabu itahitaji kibali cha uhamisho kutoka shirikisho la soka la nyumbani, TFF kwa Tanzania au FKF kwa Kenya, na karatasi hizo hazina haraka.

Sasa siku ya uwanja mkubwa ikifika. Begi la laptopu liache chumbani, kwani linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4 haliingii. Kama tiketi yako ni ya bei ya mwanafunzi, beba kitambulisho cha chuo. Usivae bluu hata kwa bahati mbaya: ni rangi ya Schalke 04 ya Gelsenkirchen, watani wao wa jadi. Mwana Yanga atajisikia nyumbani na njano yake. Mwana Simba ajikaze, skafu ni ya siku moja tu.

Ukipata nafasi jukwaa la kusini, lile wanakosimama watu wapatao 25,000, ujue huendi kutazama tu. Pale watu wanaimba dakika tisini, na anayeinua simu kurekodi atashushwa mkono. Bao likiingia utaloa bia. Halafu sikiliza: mtangazaji anataja jina la kwanza la mfungaji, uwanja mzima unamalizia la ukoo kwa kishindo. Anatangaza matokeo, watu wanamjibu kwa sauti moja. Mwishoni yeye "Danke" (asante), wao "Bitte" (karibu). Jifunze majina ya ukoo ya kikosi kwenye treni, inatosha kabisa kukufanya uonekane mwenyeji.

Mweusi akiuliza kama kuna ubaguzi viwanjani asidanganywe: upo, mara nyingi kwa maneno. Usijibizane peke yako na mlevi. Mfuate msimamizi mwenye koti la rangi kali, mwonyeshe mtu na safu yake. Wanaokuzunguka nao mara nyingi watasimama upande wako.

Kuanzia Novemba baridi inapanda kutoka kwenye zege, hivyo soli nene ni muhimu kuliko koti la bei. Kikombe cha plastiki usikitupe, umelipia amana na utarudishiwa. Filimbi ya mwisho ikilia msikimbilie treni na umati wote; subirini nusu saa hivi. Na kabla ya kununua tiketi ya Ijumaa saa mbili na nusu usiku, angalia ratiba ya mitihani ya Jumamosi, kwa sababu vyuo vingine huipanga siku hiyo bila aibu.