Nimeongeza protini, mbona sato hawakui haraka?

Swali: Nafuga sato bwawani, sasa wana gramu 150 hivi. Nilitoka kwenye chakula chenye protini asilimia 30 nikaenda cha 40 ili wakue upesi. Miezi miwili sasa, kasi ni ileile na maji yananuka. Mwenzangu anasema nimwagie chakula mafuta. Nifanyeje?

Jibu: Rudi kwenye 30. Sato wa ukubwa huo anatosheka na asilimia 28 hadi 32; 40 ni ya vifaranga. (Kambare ni habari nyingine, huyo hata akiwa mkubwa anataka protini zaidi ya sato.)

Samaki hana ghala la protini. Inayozidi mahitaji yake huivunja kupata nishati, na nitrojeni yake hutokea kwenye matamvua ikiwa amonia. Piga hesabu: nitrojeni ni kama asilimia 16 ya protini, kwa hiyo kila kilo 10 za chakula chako kipya zina gramu 160 za nitrojeni zaidi ya zile za chakula cha zamani. Umezinunua kwa bei ya juu, zikaishia majini. Harufu yenyewe naishuku zaidi ni ya chakula kilichobaki kinaozea chini, pima unachowapa.

Mwenzako hajakosea kabisa. Gramu ya mafuta ina nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini, hivyo mafuta yakiwepo samaki huchoma hayo, protini ikaenda kwenye minofu. Ila kwa sato jumla ya asilimia 5 hadi 10 inatosha, na huenda chakula chako tayari kinayo. Soma lebo, palipoandikwa mafuta ghafi. Ukizidisha, samaki hushiba nishati kabla hajapata protini ya kutosha. Pasua mmoja uone: utumbo umevikwa mafuta meupe, ini limepauka. Uzito umepanda, minofu haijaongezeka. Tena mafuta ya kumwagia huchacha upesi na kuharibu vitamini E.

Swali langu kwako: hao ni madume watupu? Kama umechanganya na majike, kwa gramu 150 wameshaanza kuzaana. Chungulia ukingoni asubuhi. Ukiona vijisamaki vidogo vinaogelea makundi makundi, chakula chako kinalisha familia nzima, na tatizo si protini wala mafuta.