Acha kuuliza "Umeelewa?"

Miaka yangu ya mwanzo nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kila niliyemkabidhi bahasha ya vidonge nilimuuliza, "Umeelewa?" Wote waliitikia ndiyo. Mpaka baba mmoja aliporudi kesho yake analalamika kizunguzungu, akidai nimempa dawa kali mno. Nilitazama bahasha: nilikuwa nimeandika 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Yeye alivimeza vyote vitatu asubuhi kwa mkupuo, "nisije nikasahau nikiwa kazini." Kosa lilikuwa langu, nikamwomba radhi.

Siku hizi naandika "kidonge 1 kila baada ya saa 8", kisha nasema: "Baba, hebu nieleze utakavyoitumia ukifika nyumbani, nijue kama nimekueleza vizuri." Anayepimwa hapo ni mimi; nani anapenda kufanyiwa mtihani mbele ya foleni? Na akianza kueleza, mengi hufichuka. Mama atasema dawa ya maji ya mtoto ataipima kwa kijiko cha chai, na vijiko havilingani. Mpe bomba la mililita 5 lisilo na sindano, weka alama kwa kalamu, avute maji mbele yako. Mwenye pumu ataelezea kubonyeza kipuliza kwanza, kuvuta pumzi baadaye. Mwonyeshe: avute taratibu huku anabonyeza, kisha aibane pumzi kwa sekunde 10 hivi.

Ukiuliza "Unatumia dawa nyingine?" utaambiwa hapana, maana wengi hawahesabu dawa za mafua wala mitishamba kuwa dawa. Zitaje mojamoja. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na mtu huyohuyo amenunua parasetamoli ya homa. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini huumia kimyakimya.

Halafu sauti, jamani. Usitangaze dawa ya fangasi za sehemu za siri duka zima likisikia. Msogeze pembeni.

Najua utasema foleni ni ndefu. Hata yangu ni ndefu, na siwezi kukaa na kila mtu. Nawachagua: anayeanza dawa mpya, mzazi wa mtoto mchanga, mzee mwenye mfuko wa dawa tano. Aliyekuja kuchukua dawa yake ya kila mwezi namuuliza swali moja tu: "Mwezi uliopita uliruka siku ngapi?" Nikiuliza "Uliruka?" hunijibu hapana.