Mashine imekataa kuingia, au imenikatalia?

Mwalimu shikamoo. Nipo maabara ya kompyuta chuo kimoja hapa Dar, mashine zetu ni za Unix (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo) na akaunti zinatoka kwenye seva, kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Yuza akishindwa kulogin inatokea "Login incorrect", mimi kwenye daftari naandika "mashine imekataa kuingia, paswedi mbovu". Fundi anasema Kiswahili changu kinampoteza, nakosea wapi?

Marahaba mwanangu, fundi ana haki kabisa. Ukisema gari limekataa kuwaka, wa kuwaka ni gari lenyewe si ndio? Sasa mashine imekataa kuingia, iingie wapi? Anayeingia ni yuza, kwa hiyo tumia kauli ya kutendea, kataa inakuwa katalia: "imemkatalia yuza kuingia". Na hata hiyo iandike pale jibu lilipotoka kweli, maana kuna siku yuza anaandika jina anabonyeza enta halafu dakika mbili nzima kioo kimetulia tu, hapo haijamkatalia mtu, imekwama, na fundi akisoma "imekwama" anakimbilia kuangalia kama seva ya akaunti, tuseme ya NIS (huduma inayogawia mashine zote orodha moja ya akaunti), ipo hewani na waya wa netiweki umekaa sawa.

Hiyo "paswedi mbovu" ndo ifute kabisa, unamsingizia yuza wa watu. Ujumbe ule hausemi paswedi imekosewa, Unix inaficha makusudi kama kosa lipo kwenye jina au kwenye paswedi, ili mwizi anayebahatisha asijue jina lipi lipo. Andika "jina au paswedi haikukubaliwa". Halafu ingia wewe kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, ambaye kwa kawaida akaunti yake ipo humohumo kwenye mashine, andika amri getent passwd na jina la yuza, inatafuta akaunti yake. Mstari wake ukitoka, mashine inamtambua, shida ipo kwenye kumthibitisha. Usipotoka, haimtambui, na hapo hata paswedi iwe sahihi vipi haitasaidia. Kutambua ni kujua mtu huyu yupo, kuthibitisha ni kuhakikisha ndo yeye kweli, na kumruhusu, yaani kuamua afanye nini, kunakuja baadaye, haya matatu watu wanayachanganya kila siku na fundi anapekua pasipohusika.

Na saa jamani, saa! Kama mnatumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mayuza kupitia seva, saa ya mashine na ya seva zikipishana zaidi ya dakika 5 kwa mpangilio wake wa kawaida, yuza anakataliwa na paswedi yake nzuri kabisa. Niliona kwa macho yangu ofisi moja hapa mjini, mtu kaambiwa kwenye simu "weka saa tatu na dakika kumi", akaweka 03:10, kumbe ni asubuhi, 09:10, saa 6 zimepotea hapo na watu wamekaa mpaka mchana wanabadilisha paswedi. Kwenye daftari andika tarakimu zote nne, na kwenye simu zitaje kama zilivyo kwenye kioo, sifuri tisa, kumi.