Kabla hamjamlipa mshauri, fungueni stoo

Mkuu, umeuliza kama kamati yenu ya makumbusho ya kijiji imlipe mshauri mwelekezi awaandikie mpango mkakati wa miaka mitano, kwa kuwa mfadhili anautaka. Mimi nimewahi kuandikiwa mpango, na baadaye nikawa nawaandikia wengine, kwa hiyo sitaficha kitu.

Sisi tulipoandikiwa, bwana alikuja siku tatu, akaitisha kikao cha wadau, posho zikatoka, tukabandika makaratasi ukutani: uwezo, udhaifu, fursa, vikwazo. Baadaye tukaletewa kitabu kizito chenye dira, dhamira na mgahawa wa watalii. Watalii gani? Wageni wetu walikuwa watoto wa shule. Wakati huo ngoma za mababu zilikuwa stoo zinatafunwa na fukusi, na daftari la vifaa lilikuwa limeishia katikati tangu aliyelijaza alipostaafu. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mzee wa usafi, na kikaoni hakualikwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi nikiitwa, naanza kwa kuomba ufunguo. Tunahesabu: vingapi vimo daftarini, vingapi vipo rafuni, vingapi havina namba. Kuna utaratibu uitwao RE-ORG, ulioandaliwa na ICCROM, shirika la kimataifa la kuhifadhi mali za urithi, pamoja na UNESCO kwa ajili ya makumbusho madogo ambayo stoo zake zimevurugika. Uko bure mtandaoni, na mnaweza kuufuata wenyewe.

Kisha paa na nyaya. Beit el-Ajaib ya Unguja, jumba la Seyyid Barghash la 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Na hilo liko Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu 2000, ubovu wake ukisemwa kwa miaka. Basi paa lenu likivuja, msikubali liandikwe kuwa lengo la mwaka wa tatu.

Dira naiacha mwisho. Watu wakishajua wana nini, inaandikwa kwa saa moja.

Sisemi mshauri hana faida. Mgeni anaweza kuuliza ambalo ninyi mnaoneana haya kuulizana: hii ngoma ni ya makumbusho, au ukoo fulani uliiweka tu ihifadhiwe? Kwetu halikuulizwa, hadi siku wajukuu walipokuja na gari kuichukua, nasi hatukuwa na karatasi hata moja.

Kwenye hadidu za rejea, yaani karatasi ya kumweleza mshauri kazi yake, andikeni kwamba atakaa stoo siku mbili, atawahoji mlinzi na mkata tiketi, na rasimu itasomwa kwa Kiswahili mbele ya kamati. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka bajeti ionyeshe nani atamlipa mlinzi na umeme mfadhili akishaondoka. Hapo wengi hukimbia, waacheni wakimbie.

Halafu mkuu, hujasema jengo ni la nani. Kama ni la halmashauri na hamna mkataba wa maandishi, hela ya mshauri isubiri kwanza.