Maswali yenu kuhusu majina ya Welisi

Lile jina refu la kijiji cha Welisi lina maana gani?

Swali hili halichoki kurudi, basi tulikate vipande. Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, kisiwani Anglesey: *llan* kanisa, *fair* la Maria, *pwll* bondeni, *gwyn gyll* penye mihazeli myeupe, *goger y* karibu na, *chwyrn drobwll* maji yanayozunguka kwa kasi, *llantysilio* na kanisa la Mtakatifu Tysilio, *gogogoch* la pango jekundu.

Ila msililie kama urithi wa mababu. Jina la zamani ni Llanfair Pwllgwyngyll tu. Mkia wote huo ulibandikwa miaka ya 1860 ili stesheni ya reli ipate jina la kuvutia wageni, na wageni wanakuja mpaka leo kupiga picha kibao. Wenyeji husema Llanfairpwll, wakaendelea na shughuli zao.

Lina herufi 58 au 51?

Zote sahihi. Kwa Kiwelisi *ll* na *ch* ni herufi moja moja. Humo mna *ll* tano na *ch* mbili.

Nimeitafuta "fair" kwenye kamusi, hamna Maria.

Kwa sababu umetafuta umbo lililogeuka. Kiwelisi hubadili konsonanti ya mwanzo kulingana na neno lililotangulia. Sisi wenye *ulimi* na *ndimi* tusijifanye tumeshtuka. Ukikuta *f*, jaribu *m* au *b*: *fair* ni Mair. Ukikuta *g*, jaribu *c*: *goch* ni *coch*, nyekundu. *D* huwa imetoka kwa *t*, na *b* kwa *p*. Usipopata kitu, rudisha *g* mwanzoni, maana hiyo hudondoka kabisa. Wengi hawafanyi hivyo. Hushika neno la kwanza linalofanana, wakatunga maana, na baada ya wiki maana hiyo inazunguka mitandaoni kama historia.

Jina la kijiji cha Beddgelert maana yake ni kaburi la mbwa kweli?

Hapana. *Bedd* ni kaburi, lakini Celert anadhaniwa kuwa mtu. Kisa cha mwanamfalme Llywelyn kumuua mbwa wake mwaminifu kilipachikwa hapo mwishoni mwa karne ya 18, na jiwe la kaburi linahusishwa na mwenye hoteli ya kijijini. Maelezo ya jina yakiwa matamu na pembeni pana hoteli, yatilie shaka kwanza.

Jina la mji wa Swansea ni tafsiri ya jina lake la Kiwelisi, Abertawe?

Wala. Abertawe ni mahali mto Tawe unapomwagikia baharini. Swansea inatokana na Sveinn, jina la mtu wa Kiviking. Bata maji (*swan* kwa Kiingereza) hahusiki.

Hiyo *ll* inatamkwaje?

Weka ulimi kama unaanza *l*, usiutoe, kisha pulizia hewa pembeni mwa ulimi bila sauti ya koo. Kosa la kawaida ni kusema *kl* au *thl*. Herufi nyingine ni rahisi kwetu: *dd* ni *dh* ya dhahabu, *ch* ni *kh* ya kheri, *f* moja ni *v*, na *f* yetu huandikwa *ff*.